Mashua za Merikebu za Matanga

Wasikilizaji wangu, mtu akitazama picha ya merikebu kubwa ya zamani, macho yake huenda juu kwanza. Huona milingoti mitatu, foromali zake, matanga yaliyojaa upepo, na kamba zisizohesabika. Ni wachache wanaoshusha macho hata katikati ya deki, wakaona mashua mbili tatu zimewekwa pale juu ya milingoti ya akiba, pengine moja ndani ya nyingine kama masufuria ya mpishi anayehama. Habari nitakazowasimulia leo ni za mashua hizo. Waandishi wa tarikhi hawakuzishughulikia sana, maana waliwapenda zaidi maamiri na vita vyao; lakini amiri mwenyewe hakufika pwani ila kwa mashua, na maji aliyokunywa mezani kwake yaliletwa na mashua.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu kwa mtu wa pwani. Bandari zenye gati la maji marefu zilikuwa chache mno duniani. Merikebu ya kusafiri bahari kuu ilizama majini futi kumi na tano, au ishirini, au zaidi. Haikuweza kujileta mchangani kama jahazi linalopwelewa maji yakitoka na kuelea maji yakijaa. Ilitia nanga mbali, na kila kitu kilichotoka pwani kwenda merikebuni, au merikebuni kwenda pwani, kilipita katika mashua: watu, barua, kuni, mbuzi, baruti, shehena, na maiti pia.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuteka maji. Mapipa matupu yalishushwa, yakapelekwa mpaka mdomo wa mto au kisima, yakajazwa, yakavingirishwa mpaka ufukoni. Hapo palikuwa na hila ambayo mabaharia wote waliijua. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Basi pipa lililojaa maji matamu na kuzibwa vema huelea baharini. Kwa hiyo hawakujitaabisha kuyapakia mapipa yote mashuani, bali waliyafunga kwa kamba, wakayakokota nyuma kama mkufu, huku wakivuta makasia. Kazi hiyo iliweza kuchukua siku nyingi, na watu waliokuwa mapipani hawakuwa na silaha mikononi. Ndiyo maana vita vingi vya zamani baina ya wageni wa baharini na wenyeji wa nchi vilianza kisimani.

Sisi wa pwani hii tumeona mambo hayo kwetu. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwezi wa Machi 1498, urafiki ulivunjika upesi, na watu wake walitoka usiku katika mashua kutafuta maji. Walipozuiliwa wakatia mizinga midogo katika mashua hizo hizo, wakarudi mchana kuyachukua kwa nguvu. Huko Mombasa, mwezi wa Aprili, mambo yalikuwa kinyume: vyombo vidogo vilikuwa vya wenyeji. Usiku wa manane mitumbwi miwili ilikaribia, watu wakajitosa majini wakaogelea bila kelele mpaka merikebu iitwayo Berrio, wakaanza kuikata amari yake. Walinzi walidhani kwanza kuwa ni samaki wakubwa wanaocheza majini, mpaka walipotambua kuwa ni watu. Amari ikikatika usiku penye mkondo, merikebu hupanda mwamba kabla nahodha hajavaa nguo. Aliyepanga hila ile alijua bahari.

Malindi mambo yakawa mengine tena. Mfalme wa Malindi alimwalika mgeni ashuke pwani. Da Gama akajibu kuwa bwana wake amemkataza kushuka. Bila shaka hayo yaliyotokea Msumbiji na Mombasa yalimfundisha zaidi kuliko amri ya bwana wake. Basi ikaamuliwa wakutane katikati. Mfalme akatoka katika chombo chake, amekaa juu ya kiti cha shaba chenye mito, mwavuli juu ya kichwa chake, na wapigaji wake wakapuliza siwa mbili za pembe za ndovu, zilizochongwa vizuri, kila moja kimo cha mtu. Da Gama akatoka katika mashua yake. Wakasemezana majini, wala hakuna aliyekanyaga nchi ya mwenzake wala deki ya mwenzake. Nadhani hapakuwa na baraza iliyofaa zaidi kwa watu wasioaminiana. Hapo ndipo yalipoanza mapatano yaliyompatia rubani wa kumwongoza kuvuka bahari mpaka Kalikati, na kila mtu anajua yaliyofuata.

Mashua zenyewe zilikuwa za namna nyingi, na majina yake yalibadilika kila karne hata kuwachosha wanaoyachunguza. Hapo zamani merikebu ilikuwa na mashua moja kubwa, nzito, yenye umbo nene, ambayo ilikuwa ndefu mno kuwekwa dekini, basi ilikokotwa nyuma safari nzima. Tufani ikija, mashua ya namna hiyo ilijaa maji, au ikakata kamba ikapotea, au ikaletwa na wimbi ikaigonga merikebu mama yake. Baadaye walijifunza kuzipandisha juu. Walifunga roda katika ncha za foromali, wakatia kamba, watu hamsini wakavuta, na mashua ikapaa juu ya ukingo wa merikebu ikashushwa katikati ya deki. Kuishusha tena kulitaka muda na watu wengi. Ile mikono miwili ya kutundikia mashua ubavuni, ambayo tumezoea kuiona katika meli, ilienea mwisho wa karne ya 18 tu, na kwanza ilikuwa ya mti.

Mashua kubwa ya kazi ziliundwa kwa mbao zilizokaa ubavu kwa ubavu, zikatiwa kalafati kama jahazi. Zile nyepesi za kukimbia ziliundwa kwa mbao zilizopandana, kila ubao ukilalia ule wa chini yake kama makuti ya paa. Mbao zilizopandana ni nyembamba, na mashua huwa nyepesi na ya mbio. Lakini ikigongwa penye mwamba ni taabu kuitengeneza. Manowari ya Kiingereza iitwayo Victory, iliyopigana Trafalgar mwaka 1805, ilikuwa na mashua sita: kubwa yao futi 34, ya mwisho futi 18. Ile kubwa ilikuwa ya mizigo na nanga. Nyingine ilikuwa ya amiri, yenye rangi na wavuta makasia waliochaguliwa kwa urefu na sura. Na ile ndogo kabisa ilikuwa ya kila mtu, ya kwenda kununua mboga na kumrudisha mpishi aliyelewa.

Sasa nieleze kazi ya nanga, maana ndiyo iliyoamua ukubwa wa mashua. Merikebu ya matanga haina nguvu yake yenyewe. Upepo ukifa, au ukivuma ukielekea mwambani, merikebu haijiwezi. Hapo mashua hushushwa, nanga hutundikwa chini ya tezi yake, na watu huvuta makasia kuipeleka mbali kiasi cha urefu wa amari. Nanga hutupwa, kisha watu walio merikebuni hulizungusha duara, amari hujikunja, na merikebu huvutwa hatua kwa hatua mpaka juu ya nanga ile. Kisha huanza tena. Kwa namna hii merikebu za tani mamia zilipita katika milango myembamba ya bandari bila tanga hata moja. Nanga kubwa ilikuwa na uzito wa tani kadha, na mashua iliyoichukua ilikuwa katika hatari ya kuvutwa chini pamoja nayo kamba ikikwama.

Usiku wa tarehe 11 Juni 1770, James Cook alikuwa akisafiri karibu na pwani ya mashariki ya Australia katika merikebu iitwayo Endeavour. Mbaramwezi ilikuwa ikiwaka na bahari imetulia. Mpima maji alitupa bildi akapata maji ya kutosha, na kabla hajaitupa mara ya pili merikebu ilikuwa juu ya mwamba wa matumbawe. Cook alishusha mashua zote mara moja, zikazunguka kupima kina kila upande, kisha akapeleka nanga nje kwa ile kubwa. Walitosa baharini mizinga sita, farumi ya mawe na chuma, mapipa, mitungi ya mafuta, vyote pamoja yapata tani arobaini au hamsini. Maji yalipojaa mara ya kwanza haikutoka. Walipeleka nanga nyingine, wakangoja maji ya usiku wa pili, na baada ya saa ishirini na tatu wakaikokota ikatoka, ina tundu ubavuni ambalo baadaye lilionekana limezibwa nusu na kipande cha tumbawe lenyewe. Kuna jambo moja ambalo ningependa mlikumbuke. Walikuwa mbali na nchi kavu, na mashua zake zote pamoja hazikuweza kuwachukua watu wake wote. Kila mtu merikebuni alijua hesabu hiyo. Kama merikebu ingevunjika, ingalibidi watu wachaguane.

Hapo ndipo penye jambo ambalo watu wa siku hizi hawalifahamu. Sisi tumezoea kuwa mashua iliyotundikwa juu ya meli ni ya kuokolea watu. Zamani haikuwa hivyo. Mashua zilikuwa vyombo vya kazi, kama mashoka na ngazi, na idadi yake ilipimwa kwa kazi, si kwa roho za watu. Kwa miaka mamia mabaharia walipanda merikebu wakijua kuwa nafasi iliyo mashuani haiwatoshi, na hawakuona ajabu.

Mashua iliyosafiri safari maarufu kuliko zote haikuondoka merikebuni kwa sababu merikebu ilizama. Merikebu ilikuwa nzima, na watu walifukuzwa. Nasema habari za Bounty, na huyo aliyefukuzwa ni nahodha William Bligh, ambaye alipokuwa kijana alisafiri na Cook katika safari yake ya tatu. Serikali ya Kiingereza ilimtuma Tahiti kuchukua miche ya mishelisheli na kuipeleka visiwa vya West Indies, ili matunda yake yawe chakula cha watumwa wa mashamba ya miwa. Ndiyo mishelisheli hiyo hiyo ambayo watu wa Unguja na Pemba huipanda nyumbani kwao. Miche ilipatikana, zaidi ya elfu moja, ikapangwa katika vyungu. Lakini Bligh alikuwa na ulimi mkali. Hakuwapiga watu wake kuliko manahodha wengine wa wakati wake. Aliwatukana, na matusi aliyoyasahau yeye baada ya saa moja hayakusahauliwa na waliotukanwa. Alfajiri ya tarehe 28 Aprili 1789, karibu na kisiwa cha Tofua katika visiwa vya Tonga, naibu wake Fletcher Christian na wenziwe wakamfunga mikono kitandani, wakamleta dekini katika nguo zake za kulalia.

Kwanza waasi walitaka kumtia katika mashua ndogo iliyoliwa na mchwa wa baharini hata chini yake imeoza. Watu wakanung'unika. Wengine waliokuwa hawaasi waliomba mashua iliyo bora, na mwishoni Christian akakubali kuwapa ile kubwa. Ilikuwa na urefu wa futi 23, upana futi 6 na inchi 9, kina futi 2 na inchi 9. Wakaingia watu 19. Maji yakafika inchi saba au nane tu chini ya ukingo, na bado walikuwapo wengine juu waliotaka kufuatana na nahodha. Walizuiliwa, au wakaona wenyewe kuwa akiongezeka mtu mmoja wote watazama. Mafundi wawili wa useremala na mfua chuma walishikwa na waasi kwa sababu ya kazi yao, na inasemekana walilia. Wanaume hao watatu, pamoja na mpiga fidla mmoja aliyekuwa karibu kipofu, walishtakiwa kwa uasi mwaka 1792 wakaonekana hawana hatia. Hatia yao yote ilikuwa kwamba mashua haikuwa na nafasi.

Walipewa ratili 150 za mkate mkavu, vipande 16 vya nyama ya nguruwe, galani 28 za maji, ramu kidogo na chupa sita za divai, dira moja, na chombo cha kupimia jua. Ramani hawakupewa, wala bunduki. Walikwenda Tofua kutafuta chakula. Wenyeji walipowaona hawana silaha wakawashambulia kwa mawe, na mtu mmoja, John Norton, aliyeshuka kuifungua kamba ya mashua, akauawa ufukoni. Mashua ilipoteleza ikatoka, mitumbwi iliifuata. Bligh akatupa nguo baharini. Waliokuwa mitumbwini wakasimama kuziokota, na giza likaingia.

Hapo wale 18 waliobaki wakajua kuwa hawataweza kushuka visiwani. Mji wa karibu wenye Wazungu ulikuwa Kupang, katika kisiwa cha Timor, chini ya Waholanzi, yapata maili za bahari 3,600 upande wa magharibi. Bligh akawauliza mmoja mmoja kama wataridhika na wakia moja ya mkate na robo ya painti ya maji kwa siku. Wote wakaapa. Akatengeneza mizani kwa vifuu viwili vya nazi, na jiwe lake la kupimia likawa risasi ya bastola iliyookotwa mashuani. Risasi ishirini na tano za namna ile zilikuwa ratili moja. Kila chakula cha kila mtu kilipimwa kwa risasi ile. Alipoona kuwa safari itakuwa ndefu zaidi alikata posho, na hakuna aliyebisha, maana kila mtu aliona kwa macho yake kifuu kimelala sawa na kifuu.

Mvua iliwanyeshea karibu mfululizo. Mvua iliwapa maji ya kunywa, ikawanyima usingizi. Mawimbi yalivunjika juu ya tezi, na watu walifua maji usiku na mchana. Walitosa kamba na matanga yasiyohitajiwa, wakahamisha mkate katika sanduku la seremala lenye kufuli, maana ukilowa hawataona nchi. Wakazungushia ukingo kitambaa cha tanga kuuongeza kimo. Walipotetemeka kwa baridi ya mvua, Bligh aliwaamuru wavue nguo, wazichovye katika maji ya bahari, wazikamue, wazivae tena. Bahari ilikuwa na joto kuliko mvua, na wote walishuhudia kuwa kulisaidia. Siku waliyomkamata ndege wa baharini kwa mikono, damu yake walipewa watatu waliokuwa karibu kufa, na mwili ukakatwa vipande 18 pamoja na matumbo. Ili pasiwe na ugomvi, mtu mmoja aligeuza mgongo. Mwingine aliweka kidole juu ya kipande na kuuliza ni cha nani. Yule asiyeona akataja jina. Mabaharia walikuwa na mchezo huo tangu zamani, na nadhani katika mashua ile uliokoa roho kuliko mkate.

Mwendo wao waliupima kwa kamba yenye mafundo waliyoitengeneza wenyewe, wakijizoeza kuhesabu sekunde kwa mdomo. Mwisho wa Mei waliusikia mwamba mkubwa wa Australia ukinguruma usiku, ule ule uliomkamata Cook. Wakapata mlango, wakapita, wakala chaza na matunda katika kisiwa kidogo. Hata hapo pumziko liliwaletea fitina. Seremala alimwambia nahodha kuwa yeye ni mtu sawa naye. Bligh akashika upanga, akamwambia achukue wa pili. Seremala hakuuchukua. Tarehe 14 Juni 1789 wakaingia Kupang, na bendera waliyoishona wenyewe kwa vitambaa imetwekwa. Kwa hesabu ya Bligh walikuwa wamesafiri maili za bahari 3,618, na tangu Norton hapakuwa na aliyekufa mashuani. Wengine walikufa baadaye kwa homa za nchi ile, wa kwanza akiwa David Nelson, mtaalamu wa mimea aliyeitunza miche ya mishelisheli. Miche yenyewe waasi waliitupa baharini. Bligh alitumwa tena, na mwaka 1793 mishelisheli ilifika West Indies.

Ikiwa mtu atasema kuwa Bligh alikuwa dhalimu, sitabishana naye sana. Lakini ni kweli pia kuwa dekini, penye nafasi na chakula, hakuweza kuongoza watu arobaini na wachache. Na katika futi 23, bila chakula, aliwaongoza 17 wasile wenzao wala wasiuane. Ukali wake uliokuwa sumu merikebuni ukawa dawa mashuani. Sijapata kusoma maelezo ya jambo hilo yaliyoniridhisha.

Miaka ishirini na saba baadaye likatokea lililo kinyume. Tarehe 2 Julai 1816 manowari ya Kifaransa iitwayo Méduse, iliyokuwa ikienda Senegal na gavana mpya, ilipanda fungu la mchanga la Arguin, pwani ya Afrika Magharibi. Nahodha wake, Chaumareys, alipata cheo kwa upendeleo wa serikali. Alikuwa hajaongoza chombo kwa miaka zaidi ya ishirini. Merikebu ilikuwa na watu yapata mia nne, na mashua sita hazikuwatosha. Wakaunda chelezo cha milingoti na mbao, wakawatia watu 147 juu yake, maji yakiwafika viunoni. Ahadi ilikuwa kwamba mashua zitakikokota mpaka nchi kavu, ambayo haikuwa mbali sana. Mashua zilifungana kwa kamba, zikaanza kuvuta. Baada ya muda mfupi kamba ikafunguliwa, mashua zikaenda zao.

Chelezo kilionekana tarehe 17 Julai na merikebu nyingine. Walikuwapo hai 15. Yaliyotendeka juu yake kwa siku hizo, mapigano ya usiku, wagonjwa kutoswa, na nyama iliyoliwa, yaliandikwa na wawili waliosalimika, na mchoraji Géricault akayafanyia picha kubwa mwaka 1819 ambayo imo katika jumba la Louvre mjini Paris. Gavana na nahodha walifika salama katika mashua zao. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Ninavyoona mimi, adhabu hiyo ilikuwa ya kupoteza merikebu kuliko ya kupoteza watu. Iliwapasa watu kungoja karibu miaka mia nyingine, na kuzama kwa Titanic mwaka 1912, kabla mataifa hayajakutana London na kutia sahihi, mwezi wa Januari 1914, mapatano kwamba kila abiria sharti awe na nafasi mashuani.

Kwetu, mashua za merikebu zilipata kazi nyingine. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Lakini karatasi haikuwazuia wenye majahazi, hasa kwa kuwa mashamba ya karafuu ya Pemba yalihitaji mikono, baada ya tufani ya 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza wakaleta London, manowari kuukuu ya mbao iliyoshushwa majini mwaka 1840, wakaitia nanga mbele ya mji wa Unguja. Haikufaa tena kukimbizana na chombo chochote. Faida yake ilikuwa mashua zake. Hizo zilitoka kwenda Pemba, zikakaa humo majuma, kila moja na mabaharia wachache, mkalimani, tanga, makasia, na pipa la maji. Walilala mashuani chini ya turubali, wakajificha nyuma ya mikoko na visiwa, wakingoja jahazi lipite. Pemba ina vijito vingi na milango mingi ya miamba; nahodha mwenyeji aliijua kama ukumbi wa nyumba yake, na homa iliwaua walinzi pamoja na silaha.

Tarehe 3 Desemba 1881 nahodha wa London mwenyewe, Charles Brownrigg, alikuwa Pemba katika mashua ya moshi, pamoja na watu wake wapatao kumi. Likaja jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Vyombo vya bendera hiyo Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kuvikagua, ila kutazama hati tu, na wenye jahazi waliifahamu sheria hiyo vizuri. Brownrigg akasogea kutazama hati, bila kuwaandaa watu wake kwa vita. Bunduki zilikuwa zimewekwa kando. Mashua ilipogusa ubavu wa jahazi, watu wa Hindi bin Khatim waliokuwa wamelala chini ya ukingo waliinuka wakapiga bunduki, kisha wakarukia mashuani na mapanga. Wengine waliuawa, wengine walijitosa majini. Brownrigg alibaki peke yake nyuma, akapigana kwa kitako cha bunduki mpaka akafa. Jahazi likatweka tanga, likaenda zake, na watumwa wapatao mia moja ndani yake.

Askari wa Sultani, wakiongozwa na Lloyd Mathews, walimfuata Hindi bin Khatim kisiwani. Alijeruhiwa, akakamatwa, akafa kwa majeraha yake. Wale mia moja waliokuwa chini ya deki hawakuandikwa majina. Walisikia bunduki juu ya vichwa vyao, wakasikia mashua ikigonga ubavuni, kisha wakasikia tanga likijaa upepo. London iliondolewa kazini baada ya miaka michache, ikauzwa ikavunjwa hapo hapo Unguja mwaka 1884.

Na mashua ile ya Bounty? Bligh alinunua merikebu ndogo huko Kupang, akaikokota mashua nyuma yake mpaka Batavia. Hakuwa na njia ya kuisafirisha Ulaya. Iliuzwa huko kwa mnada, naye aliandika kuwa alisikitika kuachana nayo.